Maneno Yaliyotoka Sebuleni Kwetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa jamaa, Leicester, Jumamosi jioni, na kuchapishwa katika kijitabu hiki kwa ombi la kamati ya maandalizi)



Awali ya yote naishukuru kamati kwa kunipa heshima ya kusimama mbele yenu. Nawashukuru waliotoka mbali, wa Maskati na Dubai, wa Mombasa na wa Toronto, na hasa wale walioshuka uwanja wa ndege asubuhi ya leo na ambao nawaona kutoka hapa wakipigana na usingizi. Mkisinzia sitakasirika, hotuba itachapishwa.

Barua ya kamati iliniomba nizungumze juu ya watoto wetu na uonevu wa skulini, kwa sababu nilifanya kazi katika skuli za nchi hii kwa miaka kumi na tisa. Ni kweli. Wengi wenu mnajua kwamba nilikuwa mwalimu Unguja kabla ya kuhamia huku, kwamba vyeti vyangu havikutambuliwa, na kwamba kazi niliyoipata ni ya kuwasimamia watoto wakati wa chakula cha mchana. Kazi hiyo haina cheo. Unavaa koti la mvua la rangi ya kung'ara, unasimama uwanjani kwenye baridi, unafunga kamba za viatu, unaamua ugomvi wa mpira. Lakini kwa mtu anayetaka kuzijua tabia za watoto, hakuna mahali bora kuliko pale. Darasani mtoto anajua kwamba anatazamwa. Uwanjani husahau.

Nadhani kamati ilitarajia niseme jinsi watoto wetu wanavyoonewa na watoto wa wenyeji. Nitalisema hilo, kwani lipo. Ila nilipokaa kuandika niliona kwamba nikiishia hapo nitakuwa nimekuambieni nusu ya ninayoyajua, tena ile nusu iliyo nyepesi kwangu kuisema.

Waliokuja hapa katika miaka ya sabini wanakumbuka. Mtoto alikuwa akirudi nyumbani na kofia iliyokanyagwa, au na swali ambalo mama hakuwa na jibu lake: kwa nini wanasema rangi yangu haitoki hata nikioga? Mwanangu wa kwanza siku moja alikataa kuchukua sambusa skulini, akataka mkate wa jibini kama wenziwe. Mimi nikadhani amezichoka sambusa. Nilikuja kujua baada ya miaka ishirini, yeye mwenyewe akiwa baba, kwamba kila alipofungua kijaluba chake watoto wa meza ile walikuwa wakiziba pua na kuhama. Miaka ishirini, jamani, na mimi nilikuwa nikipita kati ya meza kama hizo kila siku, katika skuli nyingine, nikiwatetea watoto wa watu.

Wakati ule haikuwa watoto peke yao. Mjini Birmingham palikuwa na mvulana wa Kisingasinga aliyekataliwa na skuli moja ya kulipia mpaka avue kilemba na kukata nywele. Kesi yake ilipanda hadi mahakama ya juu kabisa ya wakati huo, iliyokuwa katika Baraza la Mamwinyi, na mwaka 1983 majaji wakaamua kwamba Masingasinga ni kabila linalolindwa na sheria ya mahusiano ya rangi ya mwaka 1976. Nakumbuka tulivyofurahi, ingawa sisi si Masingasinga. Na jambo la nywele halikwisha hapo, kwani mwezi wa Oktoba mwaka 2022 Tume ya Usawa na Haki za Binadamu ya nchi hii ilibidi itoe mwongozo kuwakumbusha walimu kwamba kumkataza mtoto nywele zake za asili au misuko ya kwao kunaweza kuwa ni ubaguzi uliokatazwa na Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Mtu mzima akiona haki kumwambia mtoto kwamba nywele zake ni kosa, sijui tunamlaumu vipi mtoto mwenziwe akizivuta.

Hiyo ndiyo nusu nyepesi. Sasa nakuombeni tutazame kwa makini jambo lenyewe linavyotendeka.

Waingereza huwavisha watoto sare kwa hoja ile ile tuliyokuwa nayo sisi Unguja, kwamba mtoto wa tajiri na wa maskini waonekane sawa. Hoja ni nzuri, lakini watoto hutazama kile ambacho sare haikukifunika. Hutazama raba, mkoba, koti, simu. Humjua aliyenunuliwa sweta ya duka maalumu yenye nembo iliyofumwa, na yule ambaye mama yake ameshonea nembo juu ya sweta ya dukani kwa bei ya chini. Suruali ikipanda juu ya kifundo cha mguu, kwa sababu mtoto amerefuka na mshahara haujatoka, habari hiyo huenea darasa zima kabla ya saa nne. Gharama za sare zilipozidi, Bunge lilipitisha sheria mwaka 2021 kuzitaka skuli za Uingereza zifuate mwongozo wa serikali wa kupunguza mzigo huo. Ni jambo jema, ila hakuna bunge linaloweza kuyafunga macho ya watoto.

Kwa muda mrefu niliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba mtoto huonewa kwa sababu ya jambo fulani lililo katika sura yake au nguo zake, na kwamba likiondolewa jambo lile uonevu utakwisha. Mtoto mmoja wa kiume alinitoa katika imani hiyo. Alikuwa na umri wa miaka tisa, na wenziwe walimpa jina la mnyama kwa ajili ya masikio yake. Mama yake akamwachia nywele zikayafunika; jina likabaki. Akahamishwa darasa, jina likamfuata, na sasa likatumiwa na watoto ambao hawakuwahi kuyaona masikio yenyewe. Na katika uwanja ule ule palikuwa na mvulana mwingine, nahodha wa timu ya mpira, mwenye masikio makubwa kuliko ya huyo. Hakuna aliyeyaona. Nathubutu kusema kwamba hata mimi sikuyaona mpaka siku niliposimama makusudi nikawalinganisha.

Baadaye nikasoma habari za mtaalamu mmoja, Dan Olweus, mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi zake katika Chuo Kikuu cha Bergen, Norway. Huyu alianza kuuchunguza uonevu wa skulini mapema katika miaka ya sabini, wakati ambapo karibu kila mtu aliuona kuwa ni michezo ya watoto, na kitabu chake cha kwanza juu ya jambo hili kilitoka mwaka 1973. Norway ilipoanzisha kampeni ya nchi nzima mwaka 1983, baada ya msiba wa watoto watatu uliowashitua wananchi wote, ilitegemea sana elimu yake. Yeye ndiye aliyetufundisha kuutenga uonevu na ugomvi wa kawaida: uonevu hukusudiwa, hurudiwarudiwa, na hutoka kwa mwenye nguvu kwenda kwa asiyeweza kujitetea. Nguvu hiyo si lazima iwe ya mikono. Kuwa na marafiki watano mbele ya asiye na hata mmoja ni nguvu.

Lakini lililonishangaza ni jingine. Olweus alipowalinganisha watoto wanaoonewa na wasioonewa, hakuona kwamba wanaoonewa wana kasoro nyingi za nje kuliko wenzao. Miwani, unene, nywele nyekundu, namna ya kusema, vyote hivyo aliviona pande zote mbili. Watoto wengi, ukiwatazama kwa jicho la kutafuta, utawapata na kitu. Tofauti aliyoiona ni kwamba aonewaye mara nyingi alikuwa mpweke, mwenye wasiwasi, na kama ni mvulana, dhaifu wa mwili. Watafiti waliomfuatia wamelirekebisha hilo kidogo, wakionyesha kwamba watoto wanene na wenye ulemavu kweli huonewa zaidi. Hata hivyo yule mvulana wa masikio alikuwa ameshanifunza. Mwonevu kwanza huona nani yuko peke yake. Kisha humtazama juu mpaka chini kutafuta pa kumshikia. Sura ni mpini tu. Asipouona huu, atauona ule.

Sote tumelelewa kwa methali isemayo uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Naona tuliifahamu nusu yake. Tuliitumia kumwonya kijana asihadaike na mwenye sura nzuri. Sikumbuki hata siku moja kumsikia mtu nyumbani kwetu akiigeuza upande wa pili, akamtetea kwayo mtu mwenye sura au nguo tusizozipenda.

Sasa nafika kwenye nusu ile nzito. Ninayoyasema nayasema kwa idhini ya mjukuu wangu, aliyekaa meza ya tatu, na ambaye amenitaka nisimtaje jina ingawa nyote mtamjua. Alisema, "Bibi, sema, lakini sema na yako." Nitasema na yangu.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Februari, simu ilitoka skulini kwake. Mwanangu na mkewe walikuwa kazini, nikaenda mimi. Mtoto alikuwa na miaka kumi na tatu, anavaa mtandio, na mwaka uliotangulia alikuwa amerudi mara mbili akilia. Kwa hiyo nilikwenda nikiwa tayari kwa vita. Nilivaa baibui langu jipya, nikachukua daftari lenye tarehe zote za mwaka ule, na nikachapisha kanuni za skuli juu ya uonevu nikazipigia mstari kwa wino mwekundu. Nilizijua kanuni hizo kuliko wao.

Mwalimu mkuu msaidizi alikuwa mama mpole. Hakunipa nafasi ya kufungua daftari. Alinisogezea karatasi moja, akaniuliza, "Unaijua lugha hii? Tumejaribu kutafuta maana kwenye kompyuta, mengine tumeyapata, mengine hatukuyapata."

Karatasi ilikuwa na maneno saba, yameandikwa kwa mkono wa mtoto, kwa herufi safi, bila kosa hata moja la tahajia. Nikaona *mtumba*. Nikaona *mkimbizi*. Nikaona *mshamba*, na *mweusi tii*, na maneno mawili ya nywele ambayo kila mwanamke humu ndani anayajua. Neno la saba sitalisoma. Ni neno walilokuwa wakiitwa watu walionunuliwa sokoni Mkunazini. Soko lile lilifungwa mwaka 1873, na utumwa ukaondolewa katika sheria Unguja na Pemba mwaka 1897, lakini neno halikufungiwa sokoni.

Nilimwuliza yule mama, "Nani anamwita mjukuu wangu hivi?" Akanyamaza kidogo. Akasema, "Samahani bibi. Ni mjukuu wako anayemwita mwenziwe."

Mwenziwe huyo alikuwa msichana aliyefika skulini hapo mwezi wa Januari. Kwao ni Kivu, mashariki ya Kongo, na alikulia katika kambi ya wakimbizi magharibi ya Tanzania. Alikuwa akivaa koti kubwa la kiume, na hakulivua hata darasani. Mjukuu wangu akalitazama koti, akaitazama rangi yake, akazitazama nywele zake zilizokatwa fupi, akawaambia marafiki zake kwamba huyu ni mchafu. Marafiki wakacheka. Halafu wakamwambia, mwite kwa lugha yenu. Akamwita. Wakayajifunza yale maneno mmoja mmoja, wakawa wanayasema kwenye ngazi na kwenye foleni ya chakula, na walimu wakipita wasijue kinachosemwa. Katika skuli nzima ya watoto zaidi ya elfu palikuwa na mtu mmoja tu wa kuyaelewa.

Nilirudi nyumbani naye kwa basi bila kusema kitu. Usiku nikamwuliza kwa nini, nikiwa na hakika kwamba atakana. Hakukana. Alisema, "Bibi, walipokuwa wakimcheka yeye, hawakuwa wakinicheka mimi."

Mwaka mzima wa kwanza walikuwa wakimcheka kwa mtandio, na kwa vinyweleo vilivyo juu ya mdomo wake, ambavyo ni urithi wetu sote na hata mimi ninavyo. Alikuwa amesimama peke yake kama yule mvulana wa masikio. Alipoingia mgeni mwenye koti kubwa, macho yote yalihama, naye akaona mlango umefunguliwa, akaingia.

Nikamwuliza swali jingine, na hapa ndipo yanapoanza yangu. Nilimwuliza, "Lile neno la mwisho umelipata wapi?" Akanitazama kama mtu asiyelielewa swali. Akasema, "Si lako, Bibi? Unalisema kwenye harusi."

Jamaa zangu, nyote mnajua tunavyotazama picha za harusi. Anayerudi Maskati au Mombasa huja nazo, zamani katika kanda, siku hizi katika simu zinazounganishwa na televisheni. Tunakaa sebuleni watu wazima kumi na tano, watoto wako chini kwenye zulia, chai ya maziwa inazunguka, na kila mgeni anayepita kwenye picha tunampa fungu lake. Huyu amenenepa mpaka dera limelia. Huyu dhahabu ya kuazima. Yule kamwoa nani, mbona mtoto katoka mweusi hivyo? Yule usimtazame alivyopaka poda, nyanya yake alikuwa… na hapo neno lile hutoka, tena kwa kicheko, na kwa hakika mara nyingi limetoka kinywani mwangu. Sikuwa na chuki na yule mtu. Wengine ni jamaa zetu wa damu. Na ukitazama ukuta wa picha walioutayarisha vijana pale mlangoni, kutoka babu mkubwa mpaka vitukuu, utaona kila rangi ambayo Mungu ameiumba baina ya maziwa na kahawa; basi sijui tulikuwa tukimcheka nani.

Mtoto aliyekaa kwenye zulia hakujua historia ya neno. Alijua jambo moja tu, kwamba likisemwa watu wake wote anaowapenda hucheka pamoja. Alilichukua akalipeleka mahali alipokuwa na njaa ya kuchekewa vizuri.

Siku ya tatu nilikwenda nyumbani kwa yule msichana. Nilikuwa nimepata ruhusa ya mama yake kupitia skuli. Mama alinipokea kwa heshima nisiyostahili, akanitilia chai, akaniita Mama. Tulizungumza Kiswahili, chake cha kwao na changu cha Unguja, na tulielewana bila tabu yoyote. Mimi niliyekuwa nikiwacheka watu wa bara kwa matamshi yao nilikaa pale nikikumbuka kwamba Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa la Kongo, na kwamba kilifika kwao katika karne iliyopita ile nyingine pamoja na misafara ya pembe na watumwa iliyotoka pwani, misafara ya watu kama Tippu Tip, ambaye kaburi lake liko Mji Mkongwe. Binti huyu alikijua Kiswahili kwa sababu babu zetu walipita kwao. Mjukuu wangu amekijua nusu, na ile nusu aliyoijua ndiyo aliyompiga nayo.

Habari ya koti niliipata bila kuuliza. Sweta ya skuli ilikuwa moja. Mama alikuwa akiifua usiku, na katika nyumba waliyopewa, Januari ile, asubuhi ilikuwa haijakauka. Msichana alikuwa akiivaa mbichi, akavaa koti juu yake ili wenziwe wasione.

Nikaomba radhi. Yule mama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba siku ya kwanza ya skuli binti yake alirudi mbio, hajavua hata viatu, akasema, "Mama, kuna mmoja kule anasema Kiswahili."

Sikuweza kumaliza chai.

Mtapenda kujua yaliyofuata, ingawa si mengi. Mjukuu wangu alitengwa na darasa kwa siku kadhaa, na wenziwe vilevile. Aliandika barua kwa Kiswahili. Niliisahihisha tahajia, na hilo nalo lilikuwa aibu ya peke yake. Msichana aliipokea barua, hakuijibu, na ni haki yake. Sasa wanasalimiana wakikutana. Hawajawa marafiki, nami sikumwomba mtu yeyote awe rafiki ili moyo wangu utulie. Sweta ya pili ilipatikana. Skuli ilikuwa na akiba ya sare zilizotumika ambayo mama yule hakuambiwa.

Kwa wazazi mnaoishi Uingereza nitaongeza maneno machache ya matumizi, na jamaa wa nchi nyingine waulize ya kwao. Sheria ya mwaka 2006 inaitaka kila skuli ya serikali kuwa na hatua za kuzuia uonevu, na mwalimu mkuu ana uwezo wa kushughulikia hata yanayotendeka nje ya lango, katika basi au kwenye simu, kwa kadiri iliyo ya haki. Mtoto wako akionewa, andika tarehe na maneno yaliyosemwa, na anza na mwalimu wake wa darasa kabla ya kupanda juu. Usimwambie mtoto apige; wala usimwambie apuuze, kwani ameshajaribu kupuuza kabla hajaja kwako. Na kuna Childline, iliyoanzishwa mwaka 1986, ambayo mtoto anaweza kuipigia simu bila malipo akazungumza na mtu mzima asiye jamaa. Msione vibaya kwamba asiwe jamaa. Mwanangu aliyeficha habari ya sambusa kwa miaka ishirini aliificha kwa sababu zilikuwa zimekaangwa na mimi.

Na ikiwa simu itakuja kama ilivyonijia mimi, kaeni chini kabla ya kutetea. Mimi nilikuwa na daftari la mapambano mkononi. Lau yule mwalimu angeniacha niseme kwanza, ningesema maneno ambayo leo nisingeweza kuyarudisha.

Nina maombi mawili kwa kamati. La kwanza ni lile shindano la mavazi ya watoto la Jumapili. Najua linapendwa, na najua kina mama wameshashona. Lakini mkutano uliopita, katika nchi ambayo sitaitaja, nilimwona mtoto wa jamaa yetu mmoja amekaa nyuma ya pazia kwa saa nzima kwa sababu gauni lake lilikuwa lile lile la jana. Naomba mwaka huu watoto waonyeshe kitu wanachokiweza, wimbo au chapati, na nguo ziachwe zijionyeshe zenyewe. La pili ni majina. Katika ukoo huu tunaye Kibonge, tunaye Mweusi, tunaye Pua, na tunao wawili waitwao Kipara, mmoja wao ana miaka kumi na sita. Kabla sijaandika hotuba hii niliwapigia simu watano kati ya hao nikawauliza kama jina linawaudhi. Watatu walicheka wakasema wamezoea. Mmoja alinyamaza. Wa tano, ambaye ana umri wa miaka hamsini na nane na ana duka lake mwenyewe, aliniambia, "Shangazi, wewe ni mtu wa kwanza kuniuliza." Naomba kuanzia usiku huu aitwe kwa jina lililoandikwa kwenye kadi aliyobandikwa kifuani.

Kama ratiba inavyoonyesha, baada ya chakula tutatazama picha za harusi ya Maskati. Nitakaa safu ya mbele, kwani macho yangu hayaoni mbali. Mjukuu wangu atakaa ubavuni mwangu, na nimempa ruhusa ya kunifinya.